Mgeni wa Mwezi wa Kwanza

Wewe uliyefika darasa la nne, la tano au la sita, sogea nikusimulie, maana kuna kazi moja naona unaiweza kuliko mwalimu, na wakati mwingine kuliko hata mama. Hapa Tanzania shule hufunguliwa mwezi wa kwanza, na kila Januari huingia watoto wa miaka mitano na sita ambao hawajapata kukaa asubuhi nzima bila mtu wa nyumbani. Mwalimu wa awali hupokea kundi zima kwa siku moja, na mikono yake ni miwili tu. Wewe una mdogo wako mmoja.

Basi, njia ya kwenda Tukuyu, kwenye migomba mingi na mvua isiyokatika, palikuwa na binti wa darasa la tano na mdogo wake wa kiume aliyekuwa anaanza awali. Mtoto aliisubiri siku hiyo wiki nzima. Viatu vipya alilala navyo, daftari alilifungua na kulifunga mpaka pembe zikakunjika. Shati jeupe mama alilinunua la kukulia, mikono ikapita vidole. Kaptula ya bluu ilipwaya kiunoni, ikabanwa kwa pini. Asubuhi akatangulia mbele akiimba. Walipofika kwenye mti uliotundikwa ringi ya gari, kiranja akaigonga kwa chuma, mamia ya watoto wakakimbilia mstarini, na wimbo ukamkauka mdomoni. Akashika kitenge cha mama kwa mikono miwili.

Jirani mmoja akamnong'oneza mama, "Mwenzangu, we ondoka taratibu akiwa anaangalia kwingine. Atazoea tu." Mama akasubiri mtoto ageuke kutazama wanaocheza mpira, akapotelea migombani. Mtoto kugeuka, mama hayupo. Alilia mpaka uji ukaiva, na uji wenyewe hakuunywa. Kesho yake hakukiachia kile kitenge hata nyumbani. Mama akienda kisimani yuko nyuma, akiingia jikoni yuko nyuma.

Wengi hapo husema mtoto amedekezwa. Mimi sikubali, na sababu yangu inatoka kwa majirani zetu wa Uganda. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekulia Kanada, alifika huko, akaanza kutembelea familia 26 katika vijiji vya kandokando ya Kampala. Alikwenda tena na tena kwa miezi mingi, akikaa na akina mama, akizungumza nao kwa msaada wa mkalimani, macho yake yakiwa kwa watoto wachanga. Aliyoyaona hata wewe unaweza kuyaona ukimtazama mtoto anayetambaa kwenu. Aliyezoea kwamba mama yupo ndiye anayethubutu kwenda mbali. Anatambaa hadi mlangoni, anageuka kuhakikisha, anaendelea. Akishtuka hurudi mbio kama kifaranga kwa mama yake, na akishatulia anatoka tena. Kitabu cha Ainsworth kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na wanaosomea malezi ya watoto hukutana na mafunzo yake hadi leo.

Sasa rudi kwa mtoto wetu wa Tukuyu. Siku ile ya kwanza alijifunza jambo moja tu, na wala si herufi: kwamba ukigeuka, mama hutoweka. Ndiyo maana akaacha kugeuka. Kumtoroka mtoto humpunguzia mzazi kelele za dakika tano, halafu kunamgharimu mtoto wiki nzima ya wasiwasi. Kwa hiyo mkubwa yeyote akikuambia umzubaishe mdogo wako ili mama aondoke, mwambie kwa heshima, "Shangazi, bora amuage." Aagwe waziwazi, aambiwe nani atamfuata na lini, na aliyeahidi kuja aje.

Hilo la "lini" lina ujanja wake. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia mama atakuja saa sita, hujamwambia kitu, kwa sababu saa hazijui. Yule binti aliligundua jambo hili mwenyewe. Siku ya tatu alimhesabia mdogo wake kwa vidole: kwanza mstarini, halafu darasani mnaimba, halafu uji, halafu kucheza, halafu mnachora, halafu mimi nakuja. Mtoto akakunja kidole kimoja kila jambo lilipopita. Alilia bado, lakini kilio chake siku hiyo kilikuwa na mwisho anaoujua.

Na anapolia, usimwambie "nyamaza, wenzako wanakuona." Maneno hayo humwongezea aibu juu ya hofu, naye sasa ana mizigo miwili. Mwambie unajua amemkumbuka mama. Kaa naye kidogo, kisha mwonyeshe kitu cha kufanya.

Utasikia pia habari za tumbo. Jumatatu asubuhi tumbo linauma, Jumamosi limepona. Usimwite mwongo. Mtu akiogopa, mwili hujiandaa kukimbia au kupambana: moyo unakwenda mbio, damu nyingi inapelekwa kwenye misuli, na kazi ya kusaga chakula inasimamishwa kidogo. Tumbo linakaza, na maumivu yake ni ya kweli kabisa. Kama hana homa, hatapiki wala haharishi, mara nyingi litaachia akishaanza kucheza. Kama ana mojawapo ya hayo, huo ni ugonjwa, mwambie mama mara moja.

Usingizi nao una sehemu yake. Wakati wa likizo watoto hulala wanapotaka. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kulala saa 10 hadi 13 katika siku, pamoja na usingizi wa mchana. Kama anaamka saa 12 asubuhi, hesabu kurudi nyuma: saa 2 usiku awe tayari kitandani. Anza siku kadhaa kabla shule haijafunguliwa, na wewe pia lala mapema, kwa sababu hatakubali kulala huku anakusikia ukicheka sebuleni.

Choo ndicho ninachotaka ukisikilize kwa makini zaidi, maana wakubwa husahau kabisa kukifikiria. Siku ya nne yule mtoto wa Tukuyu alijikojolea darasani. Wenzake wakacheka. Dada yake hakumgombeza. Alimsubiri mpaka wakawa wawili tu njiani, akamuuliza alishindwa wapi. Kwanza, nyumbani walizungumza Kinyakyusa, naye hakujua amwombeje mwalimu ruhusa kwa Kiswahili. Pili, choo cha shule kilikuwa na giza na tundu lake aliliona pana sana kwa miguu yake midogo. Tatu, ile pini! Vidole vyake havikuweza kuifungua. Hata angefika chooni kwa wakati, kaptula isingevuka.

Jioni hiyo binti aliing'oa pini, akapitisha lastiki kiunoni kwa sindano ya bibi. Jumamosi akampeleka shuleni wakati hakuna watu, wakaingia chooni pamoja, akamwonyesha pa kuweka mguu huu na mguu huu, komeo linavyofungwa na linavyofunguliwa, na pipa la maji ya kunawia lilipo. Njiani wakarudia sentensi moja mpaka ikamkaa: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Nyingine zikafuata: "Sijaelewa." "Naumwa." "Shikamoo mwalimu" alikuwa anaijua tayari, ila aliitamka akiangalia chini. Sijui dawa ya kumtuliza mtoto shuleni inayoizidi lastiki ile.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huuchukua msemo huu kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi nauona pia kama huruma, kwa sababu anayekaa bila kazi katika nyumba ya watu hubaki mgeni, na anayeshika jembe anakuwa mtu wa nyumba hiyo. Mdogo wako mpe jembe la kumfaa. Mwombe mwalimu wa awali amwachie kufuta ubao, kukusanya penseli, au kugawa vikombe vya uji. Kazi iwe ndogo, iwe yake, na ikosekane asipokuja. Yule wa Tukuyu alipewa vikombe. Wiki ya pili aliamka mwenyewe kabla ya jogoo, akidai wenzake hawatakunywa uji bila yeye.

Usifikiri hata hivyo kwamba mambo yalinyooka tangu hapo. Jumapili jioni hofu hurudi, na baada ya likizo fupi hurudi tena; ni kawaida, mwaka mzima hata. Kwa jioni kama hiyo nakupa hadithi ya kweli ya kumsimulia. Kenya ilifuta karo ya shule za msingi mwaka 2003. Januari 2004, huko Eldoret, mzee Kimani Maruge alikwenda kuandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo. Alikuwa na miaka 84. Alivaa sare kama wenzake, kaptula na soksi ndefu, akakaa dawatini na watoto wa umri wa vitukuu, kwa sababu alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata alipanda ndege hadi New York, akazungumza juu ya elimu bila malipo kwa watoto wote. Muulize mdogo wako: unadhani siku ya kwanza mzee yule naye tumbo lilimuuma? Atakujibu, na katika jibu lake utasikia habari zake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo, chezeni shule-shule nyumbani. Wewe uwe mwalimu kwanza, halafu yeye. Yule mtoto alipokuwa mwalimu, alichukua kijiti, akasimama juu ya kinu kilichofunikwa, akamfokea dada yake na kutaka kumchapa kwa kuchelewa. Binti hakucheka. Alielewa kwamba mdogo wake kila asubuhi pale mstarini alikuwa anaangalia fimbo tu. Akamwambia mama, mama akaenda kuzungumza na mwalimu wa awali, na wadogo wakaanza kupanga mstari wao pembeni, karibu na mwalimu wao.

Basi ukiona wiki zinapita na mdogo wako bado hataki kwenda, chunguza zaidi. Huenda kuna mkubwa anayemnyang'anya chakula njiani. Huenda haoni ubaoni au hasikii vizuri, naye hajui kwamba wengine wanaona na wanasikia. Huenda kuna mtu anamwumiza au anamshika vibaya, na ameambiwa asiseme. Hiyo si siri ya kutunzwa, wala si mzigo wa mtoto wa darasa la tano kuubeba peke yake. Mwambie mama, baba, bibi au mwalimu unayemwamini. Wa kwanza asipokusikiliza, nenda kwa wa pili. Na kama huoni wa kumwambia, Tanzania na Kenya kote kuna simu ya watoto, namba 116, na kuipiga ni bure.