Kufuli likigoma shambani, usikimbilie nyundo

Sisi watu wa pwani kufuli likiganda tuna mshukiwa mmoja tu: chumvi ya bahari. Na kweli, kwenye nyumba ya Lamu au Mombasa iliyo karibu na maji, kufuli la chuma halidumu. Lakini mimi siku hizi niko upande wa pili wa Kenya, naangalia shamba la jamaa zangu kwenye njia ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay, pale kaunti ya Migori inapopakana na ile ya Homa Bay. Ziwa Victoria maji yake hayana chumvi, na bado makufuli hugoma huku kama yanavyogoma Kilifi. Nayaandika haya kwa sababu wengi wenu mna mashamba, yawe Kwale, Malindi au Mpeketoni, na kufuli la shambani lina tabu zake ambazo la mlango wa mjini halizijui.

Adui mkubwa huku ni vumbi. Kiangazi cha Januari na Februari, kila trekta la miwa likipita, barabara ya udongo hupanda hewani kisha ikashuka taratibu juu ya kila kitu, geti likiwemo. Machi mvua za masika zikianza, lile vumbi lililokwisha kuingia tunduni hugeuka tope, na tope likikauka hushika kama saruji. Halafu kuna nyigu. Yuko yule ajengaye kwa udongo, na kwake tundu la ufunguo ni nyumba iliyokwisha kujengwa nusu: hutaga, huziba mlango, huenda zake. Kufuli lisiloguswa wiki mbili tatu ndilo alipendalo. Ufunguo ukiingia nusu ukakwama, na ncha yake ikatoka na udongo, usiusukume tena, maana unalishindilia tofali. Chokoa kwa waya mwembamba, ukiwa umelielekeza tundu chini ili udongo uanguke nje.

Adui mwingine haonekani kwa macho, nayo ni hewa ya banda la ng'ombe. Mkojo na samadi hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua banda likifunguliwa asubuhi, na amonia huila shaba ya manjano. Jambo hili lina historia. Waingereza walipokuwa India waliweka risasi zao kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua, na maganda ya shaba yakapasuka yenyewe. Mwaka 1921 wataalamu wakaeleza sababu: amonia pamoja na unyevu hupasua shaba iliyo kwenye mkazo. Ndani ya kufuli lako huenda mna springi ndogo za shaba zilizobanwa usiku na mchana. Kwa hiyo kufuli la banda mimi hulitundika upande wa nje wa mlango, penye upepo, na kufuli la akiba siliweki kamwe stoo pamoja na mifuko ya mbolea.

Kabla ya kutibu, ni vizuri kujua mna nini ndani. Kufuli la kawaida lina silinda inayozunguka, na kwenye silinda mna safu ya pini fupi, mara nyingi nne au tano, kila moja ikisukumwa na springi yake. Meno ya ufunguo huzipandisha pini hizo, kila moja hadi mahali pake hasa. Moja ikizidi au ikipungua, silinda haizunguki. Mtindo huu Mmarekani Linus Yale mdogo aliuwekea hataza mwaka 1861, ingawa Wamisri wa kale walikwisha kuwa na makufuli ya mbao yenye fikra hiyohiyo. Pini zenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, ndiyo maana chembe ya mchanga inatosha kukuacha nje.

Sasa sikiliza kufuli linasema nini. Ufunguo ukiingia vizuri lakini ukakataa kuzunguka, kwanza tafuta ule ufunguo wa asili uliokuja na kufuli. Mara nyingi kosa liko kwenye nakala, hasa nakala iliyochongwa kutoka kwa nakala nyingine, kwa sababu kila mchongo hurithi kasoro za uliotangulia na kuongeza zake. Ufunguo ukizunguka lakini upinde, kile chuma cha juu, usiruke, huenda kufuli lenyewe halina kosa lolote. Geti limeinama, na uzito wake wote unauvuta upinde. Mwambie mtu ainue geti kidogo, au usukume upinde ndani huku unazungusha ufunguo, kisha uuachie. Nimeona watu wakipiga nyundo kufuli zima kwa sababu ya bawaba iliyolegea. Tena kuna lile linalodanganya: unalibana, linalia kwa sauti ya kufunga, kumbe halijashika. Hilo dawa yake ni kulivuta kwa nguvu kila ukifunga, hata kama una haraka.

Katika mambo yote ya kufuli, mafuta ndiyo yanayoharibiwa zaidi. Mkaidi akikataa, mtu huchukua kilicho karibu: mafuta ya kupikia, grisi ya trekta, au oili chafu iliyotolewa kwenye pikipiki. Siku ile ile kufuli hulainika na kila mtu hufurahi. Baada ya mwezi mafuta ya kupikia yamekuwa gundi, na grisi imekusanya vumbi ikawa msasa. Penye vumbi, ndani ya tundu hapatakiwi mafuta mazito kabisa.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kufuli likiwa wazi, nalitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, mbali na jiko, na kuliacha saa kadhaa. Kisha naingiza na kutoa ufunguo mara nyingi, nalikung'uta kwenye ubao tundu likiwa chini, na kubadilisha mafuta mpaka yatoke bila uchafu. Nalikausha juani siku nzima. Halafu nakwangua risasi ya penseli laini iwe unga, naupuliza tunduni kidogo, na kuufanyisha kazi kwa ufunguo. Unga ule ni grafiti, hulainisha bila kunata. Ila usichanganye grafiti na mafuta ndani ya tundu moja, utapata uji mweusi. Mafuta ya cherehani yana mahali pake: tone moja kwenye kila tundu la upinde, basi. Mwambao, penye chumvi zaidi ya vumbi, tone hilo lirudiwe mara kwa mara kuliko huku.

Likiwa limefungwa na limeganda huwezi kulitumbukiza. Pulizia dawa ya kutu, au dondosha mafuta ya taa kwa bomba la sindano, subiri, gongagonga mwili wake kwa kipande cha mbao, jaribu tena. Subira ya saa mbili hapa ina faida kuliko nguvu. Ufunguo ukivunjikia ndani, usiingize kipande kilichobaki kusukumia. Silinda ikiwa imerudi mahali pa kuingizia ufunguo, kipande hutolewa kwa uzi mwembamba wa msumeno ulioingizwa kando yake, meno yakiangalia nje.

Kulikinga ni rahisi. Litundike tundu likiangalia chini, si ubavu. Kata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kiwe kama kanzu fupi ya kulifunika kutoka juu, lakini chini kuwe wazi. Ukiliziba pande zote kwa nailoni unalifungia unyevu ndani. Na ufungue hata makufuli usiyoyahitaji, angalau mara moja kwa wiki.

Dukani nenda na sumaku ndogo. Mwili wa shaba haushikwi na sumaku; ukishikwa, ile ni bati au chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na bei isikudanganye. Ukinunua mawili ya aina moja, jaribu ufunguo wa hili kwenye lile kabla hujalipa. Ya rahisi sana huwa na michongo michache, na hujui jirani yako alinunua lipi. Tena usiweke kufuli la maana kwenye tumbuu iliyoshikwa kwa skrubu mbili zinazoonekana nje. Mwizi hana haja na kufuli lako, atafungua skrubu. Weka bolti inayopenya mlango, nati ikae ndani.

Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko mwizi. Kufuli bovu likiachia, mali hupotea. Likikataa kufunguka, anaweza kufa mtu. Mwaka 2001 bweni la shule ya Kyanguli kule Machakos liliteketea na wanafunzi 67 wakafa, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yana nondo. Miaka mitatu kabla yake tulizika wasichana wetu wa Bombolulu. Shambani mambo hayo yapo kwa udogo wake. Huku, hasa upande wa Kuria mpakani na Tanzania, wizi wa mifugo ni habari ya miaka mingi, kwa hiyo mchungaji hulala ubavuni mwa banda na kila kitu hupigwa kufuli. Wako wanaomfungia kwa nje, wakisema ni kwa usalama wake. Wengine humwacha ajifungie kwa ndani kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa suruali iliyotundikwa gizani, na paa ni nyasi. Hili silikubali kwa hoja yoyote. Chumba cha mtu kulala kiwe na komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mtupu. Kufuli la banda lenyewe liwe ndilo jipya kuliko yote shambani, la zamani lihamie kwenye stoo ya majembe, na ufunguo wake wa pili ukae msumarini mahali ambapo kila anayelala pale anaweza kupapasa akaupata.

Yote yakishindikana, kata. Mkasi mkubwa wa chuma ni salama kuliko grainda, kwa kuwa grainda hutoa cheche, na shambani kuna nyasi kavu na madebe ya dizeli. Ukitumia grainda, mwaga maji chini kwanza. Kama shamba si lako, mwite mzee wa kijiji ashuhudie kabla hujaanza, kwa sababu mlio ule usikikao usiku utaleta watu, na si wote watakaokuja kwa maswali. Kufuli lililokatwa usilitupe. Shaba wanunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo.