Jumba lililoungua na jirani yake aliyepona

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka kuzungumzia jumba ambalo halipo. Ukifika Paris, mji mkuu wa Ufaransa, utaonyeshwa bustani kubwa iitwayo Tuileries. Miti ipo, njia za kutembea zipo, lakini jumba la wafalme lililokuwa na jina hilo hutaliona. Hebu tuone limekwenda wapi.

Mwaka 1564 Malkia Catherine de Médicis, mjane wa Mfalme Henri wa Pili, aliagiza ajengewe jumba mahali palipokuwa na matanuri ya kuchomea vigae. Jina Tuileries lilitokana na matanuri hayo. Jirani palikuwa na jumba la kifalme kongwe zaidi, Louvre. Baadaye Mfalme Henri wa Nne aliyaunganisha majumba hayo kwa ujia mrefu uliofuata ukingo wa mto Seine. Yakawa kama nyumba mbili za ukoo mmoja.

Louis wa 14 aliuhama mji, akaenda kukaa Versailles. Lakini Oktoba 1789 wanawake wa Paris, wakiwa wamechoshwa na shida ya mkate, walikwenda huko kwa miguu, na umati ukarudi na Mfalme Louis wa 16 na familia yake. Akawekwa Tuileries, mfalme kwa jina, mfungwa kwa hali. Tarehe 10 Agosti 1792 watu wenye silaha walilivamia jumba. Mfalme alikimbilia bungeni, na mamia ya walinzi wake wa Kiswisi wakauawa. Januari 1793 naye akakatwa kichwa.

Sasa nisikilize vizuri. Tarehe 10 Agosti 1793, mwaka mmoja kamili baada ya uvamizi ule, wanamapinduzi waliifungua Louvre kuwa makumbusho. Picha zilizokuwa za mfalme zikawa za raia. Tuileries haikupewa bahati hiyo. Ilibaki makao ya madaraka. Bunge la mapinduzi lilikaa humo, mwaka 1800 akaingia Napoleon, kisha wafalme wakarudi. Karibu wote waliondoka kwa aibu. Charles wa 10 alipinduliwa mwaka 1830. Louis-Philippe alitoroka Februari 1848, na wananchi wakakibeba kiti chake cha enzi wakakichoma moto. Septemba 1870, Napoleon wa Tatu akiwa ametekwa na Waprusi vitani, mkewe Eugénie aliponea kwa kupitia vyumba vya Louvre. Mwenye ikulu akaokolewa na nyumba ya makumbusho!

Tarehe 23 Mei 1871, wapiganaji wa Komyuni, yaani serikali ya waasi wa Paris, walipozidiwa na majeshi ya serikali, waliitia Tuileries moto. Sisemi kwamba moto una macho ya kuchagua. Maktaba ya Louvre nayo iliteketea. Lakini makumbusho yalipona, kwa sababu askari na watumishi wake walipambana na moto usiyafikie. Walijua kilichokuwemo, na walijua ni mali ya nani.

Kuta za Tuileries zilisimama nyeusi kwa miaka 12. Wapo wataalamu wa ujenzi waliosema zinatengenezeka. Serikali ya Jamhuri haikutaka. Machoni pake zile zilikuwa kuta za wafalme na makaizari. Mwaka 1883 zikabomolewa na mawe yakauzwa. Mengine yalivushwa bahari hadi kisiwa cha Corsica, ukoo mmoja wa wakubwa ukayajengea nyumba.

Mimi naona hasara hapo. Jumba lile lilijengwa kwa kodi na jasho la Wafaransa, halikuwa la Catherine wala la Napoleon. Lakini nani angelililia, ikiwa kwa miaka mingi raia alilijua kwa geti lake na walinzi wake tu? Wazee wetu walisema cheo ni dhamana. Nami naongeza kwamba hata nyumba ya mwenye cheo ni dhamana. Ile iliyofunguliwa milango mapema ilipata watu wa kuizimia moto. Iliyofungwa ilipata watu wa kuiwasha, kisha watu wa kununua mawe yake.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.