Mshindi Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi Tena

Fidla ni ndugu ya zeze, ila ina nyuzi nne, nayo huwekwa begani chini ya kidevu na kupigwa kwa upinde. Miongoni mwa wapigaji wake mashuhuri yumo Viktoria Mullova, aliyezaliwa mwaka 1959 katika mji wa Zhukovsky, karibu na Moscow, katika Urusi ya Kisovieti.

Alisoma Moscow, akafundishwa na bingwa Leonid Kogan. Mwaka 1980 alishinda shindano la Sibelius mjini Helsinki, na mwaka 1982 akapata nishani ya dhahabu katika shindano la Tchaikovsky mjini Moscow. Lakini sifa hizo hazikumpa ruhusa ya kwenda atakako, kwani safari za wanamuziki zilikuwa chini ya amri ya serikali. Mwaka 1983, alipopelekwa Finland kupiga muziki, alitoroka kwa motokaa hadi Sweden, na kutoka huko akafika Marekani. Fidla aliyokuwa nayo, kazi ya fundi Stradivari, ilikuwa mali ya serikali. Aliiacha juu ya kitanda cha hoteli.

Ugenini alipata kazi tele pamoja na okestra kubwa. Mwingine angaliridhika. Yeye hakuridhika, hasa kwa jinsi alivyofundishwa kupiga tungo za J. S. Bach, Mjerumani aliyeishi tangu 1685 hata 1750. Ndipo Marco Postinghel, mpigaji wa zumari kubwa iitwayo basuni, alipomwonyesha njia nyingine.

Muziki wa enzi ya Bach, uitwao Baroki, ulitungiwa fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, na upinde uliobetuka kwa nje. Upinde huo haushikilii sauti kwa nguvu moja toka mwanzo hata mwisho, kama ufanyavyo upinde wa siku hizi. Huitamka na kuiachia, mfano wa mtu anenaye. Basi mwenye nishani ya dhahabu ilimbidi auzoeze mkono wake upya. Alitia nyuzi za utumbo katika fidla ya Guadagnini ya mwaka 1750, akapiga pamoja na vikundi vilivyoshika desturi ya kale, kama Il Giardino Armonico. Mwaka 2009 zilitoka sahani zake za tungo sita za Bach za fidla peke yake.

Wala hakuuacha muziki wa baadaye. Kwa fidla ya Stradivari ya mwaka 1723 amepiga tungo za Brahms na Shostakovich, na katika sahani yake ya mwaka 2011, The Peasant Girl, tungo za Bartók zimekaa pamoja na jazi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mullova aliuliza akiwa tayari ni bingwa, wakati ambapo wengi huona haya kuuliza. Na kwa sababu hiyo mkono wake mmoja umeweza kazi mbili.