Baridi ya Nyeri Haishuki Mlimani

Juni ikiingia, watu wa Nyeri huelekeza kidole kaskazini-mashariki, uliko Mlima Kenya, na kusema theluji imeanza kupuliza. Mlima wenyewe hauonekani, umefunikwa tangu alfajiri. Lakini hauna hatia. Barafu iliyobaki karibu na kilele cha mita 5,199 ni vipande tu, navyo vinazidi kupungua. Hata ingekuwa mara kumi ya ilivyo, isingeweza kuupoza mji ulio chini yake kwa zaidi ya mita 3,000, miezi mitatu mfululizo.

Jua nalo tusilisingizie. Nyeri iko kusini mwa ikweta kwa chini ya nusu ya digrii. Mchana wa Julai una takriban saa 12 kama ule wa Januari, na jua la adhuhuri halijainama kiasi cha kumvalisha mtu makoti mawili. Kama ni hesabu ya jua peke yake, Julai na Februari zingepishana kidogo tu.

Baridi hii ni ya kuazima. Juni hadi Agosti ndio majira ya baridi katika nusu ya kusini ya dunia. Wakati huo hewa nzito hujikusanya juu ya Bahari ya Hindi, mashariki mwa Madagaska, karibu na Mauritius na Réunion, kisha ikasukumwa kuja kaskazini. Ndio ule upepo wa kusi ambao manahodha wa Lamu na Mombasa waliupangia safari tangu enzi za majahazi. Ukifika Kenya hukutana na nyanda za juu, na sehemu yake kubwa hujipinda ikakimbia kandokando yake kuelekea Somalia na Bara Hindi. John Findlater, mtaalamu wa hali ya hewa, alichapisha maelezo ya mkondo huo mwaka 1969, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Pwani, kusi maana yake ni bahari chafu, wavuvi wa vyombo vidogo kubaki nchi kavu, na joto la Mombasa kushuka hadi nyuzi 28 hivi mchana. Mtu wa Nyeri angelipia pesa kupata baridi ya namna hiyo.

Sehemu nyingine ya hewa hiyo hupanda bara kupitia Kirinyaga na Murang'a. Kwa wastani joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila kilomita moja ya kupanda, na kwa kuwa hewa yenyewe imetoka baharini na unyevu wake, hugeuka wingu. Kwa kawaida wingu la milimani lingeendelea kukua hadi likawa la radi. Msimu huu haliwezi, kwa sababu juu yake kuna tabaka la hewa kavu, yenye joto zaidi, inayoshuka polepole na kulifunika kama kifuniko cha sufuria. Wingu likizuiwa kwenda juu hutandaa. Linajaza nafasi iliyo kati ya Nyandarua na Mlima Kenya, linatoa manyunyu badala ya mvua, na linaurudisha mwanga wa jua angani kabla haujagusa ardhi. Siku ambazo halipasuki hadi jioni, kipimajoto cha Nyeri huhangaika kufika nyuzi 20. Wapagazi wa njia ya Naro Moru wanaijua sura ya pili ya jambo hili: asubuhi wako kwenye jua kali, na wingu liko chini ya miguu yao.

Usiku mambo hugeuka. Wingu lilelile lililonyima mji jua huzuia joto la ardhi lisipotee, na ndiyo sababu usiku wa Julai haupishani sana na usiku wa Januari. Gathano, kama Wakikuyu wanavyouita msimu huu wa baridi, ni ukosefu wa joto la mchana zaidi kuliko ukali wa usiku. Sakitu, ile baridi inayounguza viazi shambani, hupenda Januari na Februari, usiku wa anga safi na upepo uliotulia, hasa Kieni na nyanda za Nyandarua. Tunaogopa mwezi tusiopaswa kuuogopa zaidi.

Ukitoka Nyeri kwenda Nanyuki kupitia Kiganjo na Naro Moru, mara nyingi utaliacha wingu njiani. Hewa iliyokwisha kuvuka mlima hushuka upande wa pili, hupata joto, na wingu huyeyuka. Misitu ya mteremko wa kusini-mashariki, juu ya Embu na Chuka, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Nanyuki na Timau hazifikishi nusu yake. Nyahururu na Laikipia ya magharibi zina mambo yao: Julai na Agosti hupata mvua za alasiri kutokana na hewa yenye unyevu inayotoka magharibi, kwa hiyo utabiri wa Nyeri usipelekwe huko.

Kaskazini zaidi, upepo wa baharini hubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia ukaongeza kasi. J. H. Kinuthia na G. C. Asnani waliueleza mkondo huo wa Turkana mwaka 1982, na sasa mitambo 365 ya upepo huko Loiyangalani inazalisha umeme kwa nguvu zake. Lakini mkondo huo hauachi mvua. Jangwa la Chalbi liko papo hapo.

Sasa, utabiri. Mwishoni mwa Mei, Idara ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa Juni hadi Agosti, na ICPAC, kituo cha IGAD, hutoa wa kanda nzima. Zote huzungumza zaidi kwa lugha ya uwezekano: mvua itakuwa juu ya kawaida, ya kawaida, au chini yake. Kwa Kitale lugha hiyo ina maana, kwani huo ni msimu wao wa mvua. Kwa Nyeri, ambako kawaida yenyewe ya Julai ni manyunyu, haimsaidii mkulima sana. El Niño nayo, inayotajwa redioni kila mara, alama yake kubwa kwetu ni mvua za vuli, kama ilivyokuwa mwaka 1997. Isitumiwe kueleza kila asubuhi ya ukungu.

Kinachohitajika hapa ni utabiri wa saa za jua. Majani yasipokauka hadi saa sita mchana, ugonjwa wa matunda ya kahawa, uliotambuliwa Kenya mwaka 1922, hupata nafasi. Mwenye kahawa ya SL28 ana sababu zaidi ya kuogopa kuliko mwenye Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985 kwa ajili ya kuuhimili. Chai ya Othaya na Tetu hukawia kuchipua, na mchumaji hurudi na kikapu chepesi. Mwea, mpunga ukichanua katika baridi hubaki mapepe, na kalenda ya kupanda imekuwa ikipangwa kuikwepa hatari hiyo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloelezwa na milimita za mvua.

Kwa hiyo fuata utabiri wa wiki badala ya ule wa miezi mitatu, na utazame kama unataja mawingu ya asubuhi au ya mchana kutwa. Jiko la makaa lisiingizwe chumba kilichofungwa, maana hewa yake huua bila kunuka. Anayeanika mahindi Agosti asitegemee turubai peke yake. Penye mashine ya kukaushia jirani, ada yake ni nafuu kuliko gunia lililoota kuvu. Kuelekea mwisho wa Agosti kusi hulegea, wingu huanza kupasuka mapema, na Septemba kwa kawaida huwa kavu, wiki chache kabla ya vuli kuingia Oktoba.