Malagarasi: Mto wa Mpakani Unaobeba Mvua za Tabora

Mto Malagarasi huhesabiwa na wengi kuwa mto wa Kigoma, kwa sababu chanzo chake kimo katika milima ya mpaka wa Tanzania na Burundi na maji yake huishia Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bonde lake, yaani eneo lote ambalo mvua yake hukusanywa na mto mmoja, imeenea katika nchi ya Wanyamwezi, hivyo habari zake hazikamiliki bila kuitaja Tabora.

Mwendo wa mto huu ni wa upinde. Huanzia pasipo mbali na ziwa, lakini huligeuzia mgongo na kuelekea kaskazini-mashariki, ukiwa ndio mpaka wa nchi hizo mbili, hadi unapopokea maji ya Lumpungu kutoka Burundi. Baada ya hapo huingia Tanzania, hushuka kusini kupitia mabwawa mapana ya mafunjo, kisha hurudi magharibi kupitia Uvinza na maporomoko ya Igamba mpaka ziwani, kusini mwa mji wa Kigoma.

Mto mdogo unaomwaga maji yake katika mto mkubwa huitwa tawimto. Malagarasi hupokea Moyowosi kutoka kaskazini, Igombe kutoka mashariki, na Ugalla, uliokwisha kuchukua maji ya Wala, kutoka kusini-mashariki. Kwa kuwa mji wa Tabora umekaa kati ya Igombe na Wala, mvua inayotiririka chini ya miembe ya mtaa wa Gongoni mjini humo, ishike njia ya kaskazini au ya kusini, hufika Malagarasi. Wakati wa masika Ugalla hufurika na kutanda mbugani. Kiangazi kikikolea hukatika vipande, ukabaki mlolongo wa madimbwi ambamo viboko na mamba hubanana wakisubiri mvua. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi, yaani ardhi inayokaa na maji kwa muda mrefu, iliingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi maeneo ya namna hiyo, ikiwa ya kwanza nchini, na humo huishi korongo nyangumi, ndege adimu mwenye mdomo mpana.

Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilivuka Malagarasi kwa mitumbwi, ikilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watawala wa Uvinza, mahali ambapo chumvi ilipikwa kwa maji ya chemchemi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Pembe za ndovu za misafara hiyo zilikwenda mashariki hadi Bagamoyo kwenye Bahari ya Hindi, ilhali maji ya nchi ile ile yalikwenda, na bado yanakwenda, magharibi: Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa Mto Lukuga, nao huyapeleka katika Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki.

Kwa hiyo mti wa miombo unaokatwa Tabora kwa ajili ya kukaushia tumbaku huuacha udongo wazi, na udongo huo, ukisombwa na mvua, hufuata njia ile ile ya maji. Anayetaka Malagarasi uendelee kuwa hai hana budi kuanza kuutunza katika mashamba na misitu ya Unyamwezi, mbali kabisa na mpaka.