Dawa za mimea kwa vidonda vya mdomo vitokanavyo na tiba ya saratani

Dawa za mimea kwa vidonda vya mdomo vitokanavyo na tiba ya saratani ni majani, maua, mizizi au utomvu unaotengenezwa kuwa maji ya kusukutua, jeli au chai ili kulinda kinywa cha mgonjwa anayepewa dawa za kuua seli za saratani. Baadhi ya mimea hiyo hupatikana wilayani Same na katika milima ya Pare, mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania. Mingi imesifiwa kuliko ilivyopimwa.

Chanzo cha vidonda

Dawa kama methotreksati, fluorourasili na doksorubisini hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ziko hivyo, na utando wa ndani ya mdomo pia, kwani hujifanya upya kila baada ya wiki 1 au 2. Siku 5 hadi 10 baada ya dawa, utando huwa mwekundu, kisha huchubuka. Mgonjwa hushindwa kula, pengine hata kumeza mate. Karibu wakati huohuo chembe nyeupe za damu hupungua, hivyo bakteria hupenya kwenye vidonda na kuingia katika damu. Mara nyingi daktari hulazimika kupunguza dozi au kuahirisha mzunguko unaofuata, na saratani hupata nafasi.

Matokeo ya majaribio

Kamomila ilisifiwa sana, lakini jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1996 kwa wagonjwa 164 waliopewa fluorourasili halikuona tofauti kati ya waliosukutua kwa kamomila na waliosukutua kwa maji yasiyo na dawa. Majaribio ya mshubiri (alovera) hayakukubaliana, na mengi yalihusu mionzi. Manjano yanatia moyo, ila waliopimwa ni wachache. Asali, ambayo si dawa ya mimea hasa, imependekezwa na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wanaopigwa mionzi.

Kinga yenye ushahidi mzuri zaidi kwa fluorourasili ya kuchomwa kwa mkupuo ni barafu. Mgonjwa humumunya vipande vyake kwa dakika 30 wakati wa sindano. Mishipa ya mdomo hujibana, na dawa, ambayo huondoka haraka katika damu, hufika kidogo. Njia hii haifai kwa dripu ya siku nzima, wala kwa anayepewa oksaliplatini, kwa kuwa baridi humuumiza mishipa ya fahamu.

Upareni

Kutoka mjini Same hadi Hospitali ya KCMC, Moshi, ni kilomita 100 hivi. Wengine hutibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo vidonda hutokea mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani Chome, Gonja au Mamba, na kilicho karibu ni bustani. Tangawizi, zao maarufu la Mamba Miamba, huweza kupunguza kichefuchefu lakini huwasha kidonda. Utomvu wa njano ulio chini ya ganda la mshubiri huharisha, na fluorourasili yenyewe huharisha. Kijiti cha mswaki, mti wa nyanda kavu, huchoma fizi zilizolainika. Afadhali brashi laini.

Dawa za kunywa zina hatari nyingine. Methotreksati hutolewa na figo, na mmea unaozidhuru figo huiacha mwilini muda mrefu, vidonda vikazidi. Ni kweli kwamba vinkristini, dawa ya saratani, hutokana na vinka, ua linalopandwa mbele ya nyumba nyingi, lakini hospitalini huja ikiwa imesafishwa na kupimwa kwa miligramu. Kutafuna majani yake ni kula sumu.

Kwa usafi wa kinywa hutumika kijiko 1 cha chai cha chumvi na 1 cha soda ya kupikia katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kusukutua mara kadhaa kwa siku na kutema. Magadi ni makali zaidi, hayafai badala ya soda. Joto la mwili likifika nyuzi 38, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.