Divai ya Altare: Tuliyojifunza Katika Kiwanda Kidogo cha Mvinyo Dodoma



Katika Misa moja ya jubilei ya ndoa parokiani kwetu, familia ya wanajubilei ilileta sakristia chupa ya divai iliyonunuliwa mjini kwa bei kubwa, ikaomba itumike siku hiyo. Msakristi wetu, mzee wa miaka mingi katika huduma, aliigeuza chupa, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akairudisha mezani. “Baba, hii siyo,” alisema. Sisi tulikuwa tumekwisha kuvaa mavazi ya Misa na waamini wanasubiri. Tukamjibu kwa ukali usiostahili. Hata hivyo, yeye alijaza kichupa kwa divai ya kawaida ya parokia.

Baada ya Misa tuliisoma lebo wenyewe: maji, sukari, pombe, rangi na ladha ya zabibu. Zabibu zenyewe hazikuwemo. Tulimwomba mzee msamaha. Lakini mama wa familia ile, alipoona chupa yake haijafunguliwa, alituuliza kwa uchungu: “Baba, sadaka yetu imekataliwa?”

Swali hilo halikustahili jibu la haraka. Ndiyo maana mwezi Agosti, wakati wa mavuno ya pili ya zabibu, tulisafiri hadi Dodoma pamoja na msakristi, makatekista wawili na baadhi ya akina mama wa WAWATA, akiwemo mama huyo, tukatembelea kiwanda kidogo cha mvinyo kinachoendeshwa na familia moja.

Mzabibu una historia ya pekee na Kanisa mkoani Dodoma. Kilimo chake kilianzia katika misheni ya Bihawana mwaka 1957, kikaenea kwa wakulima wa vijiji vya jirani. Nchi za baridi huvuna zabibu mara moja kwa mwaka. Dodoma, kwa jua lake na udongo wake, huvuna mara mbili. Tulizikuta zabibu nyekundu aina ya Makutupora, zenye jina la kituo cha utafiti cha huko, pamoja na zabibu nyeupe aina ya Chenin Blanc.

Mwenye kiwanda alituonesha kazi tangu mwanzo. Zabibu hukatwa asubuhi kabla ya jua kuwa kali, hupangwa katika kreti, na zilizooza hutengwa kwa mkono. Zabibu nyeupe hukamuliwa kwanza, na maji yake peke yake ndiyo yanayochachushwa. Zabibu nyekundu huchachushwa pamoja na maganda, kwa sababu rangi ya divai nyekundu hutoka katika ganda. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa pombe na hewa ya ukaa. Tuliweka sikio karibu na tangi, tukasikia mchemko wake mdogo, kama chungu kilichoanza kupata moto.

Kisha tulionjeshwa. Dereva wetu hakuonja, na katekista mmoja aliyeacha pombe miaka mingi iliyopita alikunywa maji; hakuna aliyemshurutisha, wala haikupasa. Tulifundishwa kuanza na divai nyeupe, kuitazama rangi kwenye mwanga, kuinusa, kuchukua kidogo mdomoni, kisha kuitema katika ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Ya pili ilikuwa nyekundu kavu. Akina mama walikunja uso. “Hii imeharibika,” mmoja alisema. Mwenyeji alicheka, akaeleza kwamba ukavu ule ni dalili kuwa hamira imemaliza kazi yake na sukari yote imekwisha. Divai iliyoharibika kweli alituletea mwisho, katika chupa iliyoachwa wazi siku nyingi. Harufu yake ilikuwa ya siki.

Hapo tulitambua kosa ambalo wengi wetu tunalo: tunadhani divai ya kanisani lazima iwe tamu. Utamu hauthibitishi lolote. Iko divai tamu iliyo halali, na viko vinywaji vitamu visivyo na zabibu hata moja. Madukani kwetu mna pia mvinyo wa ndizi, wa rozela na wa nanasi. Vinaweza kuwa vinywaji vizuri mezani, lakini havifai kwa altare.

Kanisa linafundisha nini? Sheria Kanoni, kanuni ya 924, inadai kwamba divai ya Ekaristi iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 inakataza kuichanganya na vitu vya kigeni, na inakataza kutumia divai ambayo asili yake ina mashaka. Mwaka 2017 Vatikano iliwaandikia maaskofu kuwakumbusha wajibu wa kusimamia ubora wa mkate na divai, kwa kuwa siku hizi vinauzwa hata katika maduka makubwa na mitandaoni. Tone la maji ambalo padre hulitia katika kalisi halivunji sheria hii. Ni sehemu ya ibada yenyewe.

Ugumu huu una sababu. Bwana wetu, katika Karamu ya Mwisho, alitwaa tunda la mzabibu (rej. Lk 22:18), na Kanisa halina mamlaka ya kulibadilisha. Padre akitamka maneno ya mageuzo juu ya maji ya sukari yenye rangi, hakuna Damu ya Kristo katika kalisi ile. Waamini wangekuwa wamenyimwa haki yao bila wao kujua. Mzee wetu alilinda haki hiyo kwa macho yake mawili na miwani ya kusomea.

Tufanye nini basi? Kwanza, familia inayotaka kutolea divai imwone paroko kabla ya kununua. Atawaelekeza mahali panapotambuliwa na jimbo. Pili, tusome nyuma ya chupa, si mbele tu. Mbele kuna picha ya zabibu. Nyuma kuna orodha ya vilivyomo. Tatu, chupa iliyofunguliwa izibwe vizuri na kuwekwa mahali pa baridi, na msakristi ainuse divai kabla ya kuimimina. Padre asiyeweza kunywa pombe kwa sababu ya afya anaweza kuomba ruhusa ya Askofu wake atumie mustumu, yaani maji ya zabibu ambayo uchachushaji wake umesimamishwa bila kubadilisha asili yake.

Na swali la yule mama? Tulimjibu palepale kiwandani, mbele ya kreti za zabibu. Sadaka ya familia yake haikukataliwa. Mungu aliupokea upendo wao na jasho walilolitoa. Kilichozuiwa ni kinywaji kilichowadanganya wao kwanza. Sala ya kutolea divai hutaja mzabibu na kazi ya watu, na siku ile alikuwa amewaona kwa macho mkulima, mkamuaji na mfunga chupa. Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia msakristi: “Mzee, nisomee hii.” Mzee alivaa miwani, akaigeuza chupa aliyopewa, akaisoma yote. Chupa hiyo ilitumika parokiani kwetu Jumapili iliyofuata, kwa nia ya wanajubilei.

Tuwaombee wakulima wa zabibu, na tuwashukuru masakristi wetu, ambao kazi yao mara nyingi huonekana pale tu inapokosewa. Mungu awabariki.